Je, Mbwa Ana Nyota?

(Mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima kwa wanakisomo wa mwambao wa Ziwa Nyasa)



Leo tutazungumza juu ya mbwa. Naona wengine mnacheka. Mmezoea nikija hapa nazungumza juu ya kahawa, juu ya vyoo, au juu ya hesabu za chama cha ushirika. Lakini jambo la leo mmelileta ninyi wenyewe. Baada ya somo la mwezi uliopita mama mmoja alibaki nyuma akaniuliza: "Mwalimu, hivi mbwa naye ana nyota? Kijana wangu amenunua mtoto wa mbwa kule Mbinga mjini kwa shilingi elfu hamsini. Aliyemuuzia alimwambia mbwa huyu amezaliwa Novemba, nyota yake ni Nge, kwa hiyo atakuwa mkali kama nge. Sasa mbwa ana miezi saba. Akiona kuku mwenye vifaranga anakimbilia uvunguni."

Shilingi elfu hamsini ni fedha nyingi. Hapa kijijini mtoto wa mbwa unapewa bure, au unatoa kuku. Kwa hiyo swali la mama huyu si la mchezo. Nilimwambia tutalijibu mbele ya wote, na leo ndiyo siku yenyewe.

NYOTA ZENYEWE NI ZIPI?

Elimu ya kupiga nyota ni ya zamani sana. Ilianza Babeli, nchi ambayo leo ni Iraki, zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita. Ikapita kwa Wagiriki na kwa watu wa Misri, Waarabu wakaichukua, na kwa njia ya bahari ikafika pwani yetu. Watu wale wa kale waliona kwamba mwaka mzima jua hupita mbele ya makundi ya nyota. Wakahesabu makundi kumi na mawili wakayapa majina. Wenye elimu hiyo pwani huyaita kwa majina ya Kiarabu: Hamali, Thauri, Jauza, Saratani, Asadi, Sumbula, Mizani, Akrabu, Kausi, Jadi, Dalu na Hutu. Sisi wengine tunasema Ng'ombe, Mapacha, Kaa, Simba, Mashuke, Mizani, Nge, Mshale, Mbuzi, Ndoo na Samaki. Ile ya kwanza wengine huiita Kondoo, wengine huiita Punda. Hata hapo hawajapatana.

Wengi wetu tulizijua nyota hizi kwa redio na magazeti. Mnajimu aliyevuma kuliko wote katika nchi yetu alikuwa Sheikh Yahya Hussein wa Dar es Salaam, aliyefariki mwaka 2011. Siku hizi nyota ziko ndani ya simu, kijana anazisoma akisubiri boti. Na huko Ulaya na Marekani, ambako mbwa na paka hulala kitandani pamoja na mwenye nyumba, wapo watu wanaoandika vitabu vizima vya nyota za mbwa na paka. Wanasema mbwa wa Simba hupenda kusifiwa, paka wa Mizani hupenda amani, na mbwa wa Nge ana wivu na ukali. Nadhani aliyemuuzia kijana wetu aliyaokota huko.

Lakini kwa utaratibu wa pwani, nyota ya mtu haitafutwi kwa siku ya kuzaliwa peke yake. Huchukuliwa jina lake na jina la mama yake. Kila herufi ya Kiarabu ina namba yake. Namba zinajumlishwa, kisha zinagawanywa kwa kumi na mbili, na ile inayobaki ndiyo inayoonyesha nyota. Ninyi kugawanya mnakujua sasa. Haya, jaribuni kwa mbwa. Jina lake ni Tutaonana. Na mama yake je? Hana jina. Anaitwa "yule jike wa kwa balozi". Hesabu imekwama pale pale. (Na haya majina tunayowapa mbwa wetu, Watasema, Utajiju, Mtakoma, ni barua tunazowaandikia majirani. Hayo nayo yanahitaji siku yake.)

Wachina wana utaratibu mwingine kabisa. Kwao mwaka mzima unapewa mnyama. Mbwa ana mwaka wake: ulikuwa 2006, ukawa 2018, na utakaofuata ni 2030. Paka hana mwaka kwa Wachina, lakini kwa jirani zao wa Vietnam anao, maana wamemweka mahali pa sungura. Kwa hiyo mtu aliyezaliwa Juni 2023 upande wa Uchina ni Sungura, na aliyezaliwa siku hiyo hiyo ng'ambo ya mpaka ni Paka. Sijui mbwa aliyezaliwa mpakani wanamfanyaje.

TUMTAZAME NGE MWENYEWE

Sasa tuache maneno, tutumie macho. Mwezi Julai, saa tatu usiku, tokeni nje. Tazameni juu karibu na utosi, upande wa kusini kidogo. Mtaona nyota moja nyekundu, na nyuma yake mstari wa nyota uliojikunja kama ndoana. Huyo ndiye Nge. Hana haja ya kuelezwa, ana mkia kabisa. Ikifika mwanzo wa Oktoba, saa mbili usiku, mtamwona ameshuka upande wa ziwa, anaelekea Malawi. Mwisho wa Novemba mtamtafuta hamtamwona. Kwa nini? Kwa sababu wakati huo jua liko upande ule ule alipo yeye, na mwanga wa jua unamfunika.

Haya, sikilizeni vizuri. Waliopanga tarehe za nyota walizipanga zamani, miaka kama elfu mbili iliyopita. Tangu hapo dunia yetu imeendelea kuyumba polepole kama pia ya mtoto inayokaribia kuanguka. Kuyumba huko kukamilike mara moja inachukua miaka kama 26,000. Kwa hiyo tarehe na nyota zimeachana. Magazeti yanasema aliyezaliwa Novemba 10 ni Nge. Lakini ukipima mbinguni, Novemba 10 jua liko mbele ya Mizani. Mbele ya Nge jua linakaa wiki moja tu, mwishoni mwa Novemba, kisha linaingia mbele ya kundi lingine, la mtu aliyeshika nyoka, ambalo halimo kabisa katika yale kumi na mawili.

Mnajimu akisikia hivi atanijibu kwamba yeye hafuati nyota zenyewe, anafuata vipande kumi na viwili vya mwaka kuanzia Machi 21. Sawa, ni haki yake. Lakini basi asituambie mbwa ni mkali kama nge, maana huyo nge hayupo mahali pale.

ANGA LINA KAZI YAKE

Msidhani nawaambia kwamba mambo ya angani hayatuhusu. Wavuvi wa hapa wanalijua anga kuliko mimi. Usipa huvuliwa kwa taa. Usiku wa giza taa inawaita dagaa wanakuja juu. Usiku wa mbalamwezi mwanga umeenea ziwa zima, taa haina nguvu, na wavuvi wengi hubaki nyumbani kushona nyavu. Hapo mwezi wa angani umeingia moja kwa moja katika sufuria ya mama. Na wakulima wana Kilimia, lile fungu dogo la nyota ambalo jina lake linatokana na kulima. Likianza kuonekana mashariki jioni, mtu anajua mvua zimekaribia, anatazama jembe lake. Kilimia kiko ndani ya kundi la Ng'ombe, mojawapo ya zile kumi na mbili.

Lakini angalieni tofauti. Mwezi unatoa mwanga, mwanga unaonekana, dagaa wana macho. Tunajua njia kazi hiyo inavyopita. Kilimia hakileti mvua. Ni kama saa ya ukutani, inakuonyesha wakati umefika. Sasa Nge anamfikiaje mtoto wa mbwa aliyezaliwa gizani chini ya ghala, macho yake yamefumba? Maana mtoto wa mbwa hufumbua macho baada ya wiki mbili hivi. Njia haionekani.

Lipo jambo moja ambalo nalikubali nusu. Mzee mmoja wa kule juu Umatengo aliniambia: "Mbwa wa Februari hawafai, wa Julai ndio mbwa." Nikamwuliza kwa nini, akasema ndivyo wanavyozaliwa. Mimi nadhani mzee ameona sawasawa, ila sababu iko karibu zaidi. Februari ni mvua, mahindi ya zamani yamekwisha ghalani, mapya bado. Hata mtu anapima ugali. Mbwa mwenye mimba atakula nini? Maziwa yanapungua, watoto wanalowa, wanashikwa na minyoo na kuhara. Wanaopona wanakuwa wadogo na waoga. Julai mavuno yameingia, nyumba ina pumba na makombo, na hapa ziwani usipa wamekauka mchangani. Jike anashiba, watoto wananenepa. Kwa hiyo mwezi wa kuzaliwa unaweza kuleta tofauti, lakini inapita katika tumbo la mama. Ukimlisha jike wako vizuri Februari, utapata mbwa wa Julai.

Wengine mtauliza juu ya mbalamwezi: je, mbwa hawaumi watu zaidi siku za mwezi mpevu? Mwaka 2000 jarida moja kubwa la madaktari la Uingereza lilitoa habari mbili kwa pamoja. Madaktari wa mji wa Bradford walihesabu watu walioumwa na wanyama wakasema ndiyo, wanaongezeka. Wenzao wa Australia wakahesabu walioumwa na mbwa wakasema hapana, hakuna tofauti. Mpaka hapo sina cha kuwaambia zaidi.

MIMBA MOJA, USIKU MMOJA

Sasa tuje kwenye jambo ambalo kila mmoja wenu anaweza kulipima bila kwenda shule.

Jike wa kwa balozi akizaa, anazaa watoto watano, sita, mpaka wanane. Wote usiku mmoja. Wote chini ya nyota moja. Kama nyota ndiyo inayotengeneza tabia, basi wote wangekuwa sawa. Je, ndivyo tunavyoona? Mmoja anatangulia kwenye ziwa la mama yake na kuwasukuma wenzake. Mmoja analia siku nzima. Mmoja, ukiweka mkono, anakuja kuunusa. Mwingine anarudi nyuma na kukojoa kwa hofu. Watagawanywa nyumba sita. Baada ya mwaka mmoja, wa kwanza analinda shamba la mahindi, hata nyani wanamjua. Wa pili anaiba mayai. Wa tatu anafuata watoto shuleni. Nyota yao ni moja.

Hoja hii si mpya. Ninyi mnaosoma Biblia mnawajua Esau na Yakobo. Mapacha, mmoja ametoka amemshika mwenzake kisigino. Hata dakika hazikupita. Lakini mmoja akawa mwindaji wa porini, mwingine akawa mtu wa kukaa hemani. Agustino, yule askofu wa Hipo katika Afrika ya Kaskazini aliyefariki mwaka 430, aliwatumia mapacha hao hao kuwajibu wapiga nyota wa zamani zake. Yeye alizungumza juu ya watu. Mimi naongeza mbwa, maana mbwa anatupa mapacha sita kwa mara moja.

BASI TABIA INATOKA WAPI?

Kwanza, inatoka kwa wazazi. Kule Urusi, mwaka 1959, mtaalamu aitwaye Dmitri Belyaev alianza kufuga mbweha wa kijivu, mnyama wa porini aliye ndugu wa mbali wa mbwa. Kila kizazi alichagua wale wachache wasioogopa sana mkono wa mtu, akawazalisha hao tu. Baada ya vizazi sita hivi wakaanza kuzaliwa mbweha wanaotikisa mkia wakimwona mtu na kulamba mkono wake. Wafanyakazi wake waliendelea na kazi hiyo hata baada ya yeye kufariki mwaka 1985. Kwa hiyo tabia inarithiwa, hilo lina ushahidi.

Lakini msikimbilie kununua mbwa kwa jina la aina yake. Mwaka 2022 wataalamu wa Marekani walitoa matokeo ya uchunguzi wa mbwa zaidi ya 18,000. Waliona kwamba aina ya mbwa inaeleza sehemu kama 9 tu katika kila 100 za tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Ukitaka kujua mtoto wa mbwa atakuwaje, mtazame mama yake, na baba yake kama anajulikana. Jike anayewatetemekea wageni mara nyingi huzaa watoto wenye hofu, na tena huwafundisha hofu hiyo.

Pili, na hapa nataka mnisikilize kuliko pengine pote, inatoka katika miezi mitatu ya kwanza. Mwaka 1961 wataalamu wengine wa Marekani walitoa habari ya watoto wa mbwa waliokuzwa katika uwanja wenye ua mrefu. Chakula waliwekewa bila wao kumwona mtu. Kila kikundi kilitolewa kwa wiki moja kukaa na watu, wengine wakiwa na umri wa wiki mbili, wengine tatu, wengine tano, saba, tisa. Kikundi kimoja hakikutolewa kabisa mpaka wiki ya kumi na nne. Hao wa mwisho walikuwa kama wanyama wa porini. Walimkimbia mtu, na hata kwa kufundishwa baadaye hawakuwa kama wenzao. Kwa mbwa, mlango wa kuzoea watu unafunguka kama wiki ya tatu na unaanza kufungwa kama wiki ya kumi na mbili. Kwa paka unafungwa mapema zaidi, kama wiki ya saba. Ndiyo maana paka aliyezaliwa darini, mama yake akamficha miezi miwili, hashikiki. Mtu anasema ana jini. Hana jini, hakuzoea.

Sasa turudi kwa mbwa wa shilingi elfu hamsini. Nilimwuliza yule mama: "Alipoletwa alikuwa na umri gani?" Akasema miezi minne. "Kabla ya hapo alikaa wapi?" Kwenye banda, nyuma ya duka, na wenzake. "Na baada ya kuletwa?" Kijana alimfunga kamba nyuma ya nyumba, peke yake, akamchapa fimbo na kumlisha pilipili ili ule ukali wa Nge utoke.

Hapo nikaona jibu. Mtoto yule hakuona kuku, hakuona watoto, hakusikia pikipiki wala mtumbwi wenye injini katika siku zake za kujifunza. Halafu alipofika kwa mwenyewe akajifunza kwamba mkono wa mtu ni fimbo. Mbwa wa namna hii anaogopa kila kitu. Na mbwa mwoga ndiye wa hatari zaidi, maana siku atakapobanwa kwenye kona na mtoto mdogo asiyejua, atauma. Mbwa tunayemtaka hapa kwetu ni yule anayebwekea nguruwe pori usiku na kumfukuza ngedere kwenye mahindi, lakini mtoto wa jirani akija kuomba moto anamwacha apite. Ujasiri wa namna hiyo unaanza kwa kushikwashikwa na watu akiwa mdogo, na kwa kushiba.

Nilimwambia mama amfungue, ampe chakula kwa mkono wake mwenyewe, na watoto wakae mbali mpaka azoee. Atatulia kiasi. Fedha ya kijana haitarudi.

TABIA IKIBADILIKA GHAFLA

Sasa nasema jambo lililonifanya nilete mazungumzo haya yote. Kumwita mwoga "Nge" ni hasara ya fedha. Lakini ipo hasara nyingine.

Tuseme mbwa wako Sijali ni mpole, miaka mitatu amekaa na watoto. Wiki hii amebadilika. Anajificha gizani. Hataki chakula. Sauti yake imekuwa ya kukwaruza. Anang'ata kuti, anang'ata jiwe, udenda unamtoka, au taya limelegea kama kwamba mfupa umemkwama. Anaondoka nyumbani anatembea ovyo. Wewe unasema: "Nyota yake imegeuka." Jirani anasema: "Ametupiwa kitu." Mtoto wako anaingiza mkono mdomoni amtoe mfupa. Anakwaruzwa na jino, kidogo tu, damu tone moja. Mnapaka majani, yamekwisha.

Huo mfupa haupo. Hicho ni kichaa cha mbwa. Ni ugonjwa, una kirusi chake, na kirusi hicho kinakaa katika mate. Kinaingia kwa jino, na hata kwa kulambwa penye kidonda. Kikishaingia hakiendi kwa damu, kinapanda polepole kwa njia ya mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni. Mara nyingi safari hiyo inachukua miezi miwili au mitatu, pengine wiki chache, pengine hata mwaka. Wakati huo wote mtoto anacheza, kidonda kimepona, mmesahau. Siku dalili zikianza, anaogopa maji, anaweweseka, hakuna dawa tena. Karibu wote hufa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu kama 59,000 wanakufa hivyo kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na katika kila kumi wanaoumwa na mnyama anayeshukiwa kuwa na ugonjwa huu, wanne ni watoto walio chini ya miaka 15.

Lakini ile safari ndefu ya kirusi ndiyo nafasi yetu. Tangu mwaka 1885, Louis Pasteur wa Ufaransa alipomchanja kijana wa miaka tisa aliyeumwa na mbwa, na kijana akapona, dunia ina chanjo ya ugonjwa huu. Kwa hiyo mtoto akiumwa fanya hivi. Osha kidonda hapo hapo kwa sabuni na maji yanayomiminika, kwa dakika 15 kamili. Dakika 15 ni ndefu, mtoto atalia, endelea. Ukiwa na saa au simu, tazama. Maji ya ziwa tunayo, sabuni ya kipande iko dukani. Usifunge kidonda kwa majani wala mavi ya ng'ombe. Kisha mpeleke zahanati au hospitali siku hiyo hiyo, akapewe sindano ya kwanza, na uandike tarehe za sindano zinazofuata usikose hata moja. Najua chanjo ya mtu ni ghali, na najua zahanati nyingine utaambiwa haipo. Wa Mbamba Bay mna lami, wa vijiji vya mbali mna boti na miguu. Nendeni. Kama mbwa anajulikana na amefungwa salama, atazamwe siku kumi. Akibaki mzima mpaka siku hizo ziishe, hakuwa na kirusi kwenye mate siku alipouma. Lakini msisubiri siku kumi hizo ndipo mwanze sindano.

Na mbwa wenyewe wachanjwe. Wataalamu wanasema mbwa 70 katika kila 100 wa kijiji wakichanjwa kila mwaka, ugonjwa unakosa njia ya kupita. Hesabuni. Kama kitongoji kina mbwa 40, wanaotakiwa ni 28. Bwana mifugo akitangaza siku ya chanjo, msipeleke madume wakubwa tu mkaacha vitoto nyumbani. Vitoto navyo ndivyo watoto wetu wanavyobeba mikononi. Mzee mmoja aliniambia mbwa wake hahitaji sindano kwa kuwa nyota yake ni nzuri, hajaugua tangu azaliwe. Nilimwuliza kama mtumbwi wake, kwa kuwa haujazama bado, hauhitaji kuzibwa. Alinitazama kidogo, halafu akaniuliza chanjo ni lini.

KAZI YA DAFTARI

Mwisho, kazi. Kila mmoja wenu ana daftari, na wengine kurasa zake bado ni nyeupe.

Jike atakapozaa nyumbani kwako au kwa jirani, andika tarehe. Andika wamezaliwa wangapi, na rangi ya kila mmoja. Kuanzia wiki ya tatu, chagua wawili au watatu, wabebe kila siku kwa muda mfupi, waone watoto, waone kuku, wasikie redio. Usiwaondoe kwa mama kabla ya wiki ya nane. Wanapogawanywa, andika kila mmoja amekwenda kwa nani, na mwambie mwenyewe tarehe ya kuzaliwa ili ajue lini wa kuchanjwa. Anayetaka kuandika na nyota yao aandike, kalamu ni yake.

Baada ya miezi kumi na miwili pitia nyumba hizo na daftari lako. Uliza: anabweka? Anauma? Anaogopa? Anakula nini? Amechanjwa? Andika majibu mbele ya kila rangi. Mtakaomaliza, leteni madaftari darasani tuyasome pamoja. Yule mama wa shilingi elfu hamsini ameahidi kuanza, kwa sababu jike wa kwa balozi ana mimba tena, na kwa hesabu yake atazaa kabla ya mwezi huu kwisha.